Kucha za shetani: uchambuzi wa kisa cha injini ya rota kwenye Mazda Cosmo Sport, 1961 hadi 1967

Kisa kinahusu nini

Ukimtajia fundi wa Dar au Nairobi Mazda RX-8, mara nyingi jibu ni moja tu, usinunue, ile injini ya rota inanoki mapema, na maongezi yanaishia hapo. Mi nataka turudi nyuma kabisa, kabla ya RX-8 na kabla ya RX-7, mpaka kwenye Cosmo Sport, gari la spoti la kwanza ambalo hawa jamaa wa Mazda kule Hiroshima walilifungia hii injini. Walichopitia hapo katikati kinaeleza tabia nyingi za hii injini mpaka leo, alafu ni mfano mzuri mno wa jinsi tatizo la kiufundi linavyoweza kukuzungusha miaka miwili mitatu kwa sababu tu umeuliza swali lisilo lenyewe.

Viongozi nawataja kwa majina maana historia yao iko wazi. Wahandisi wa kawaida, watu wa maabara na wale wa kampuni zilizosaidia kwenye vipuri nimewaacha bila majina, nawataja kwa kazi waliyofanya.

Mazingira yalivyokuwa

Kampuni wakati huo inaitwa Toyo Kogyo, Mazda ni jina la magari tu. Ilianza 1920 ikishughulika na koki, ile ya kutengenezea vizibo, kuanzia 1931 ikawa inatengeneza guta za mizigo za magurudumu matatu, na gari lake dogo la kwanza la abiria, R360 Coupe, limetoka 1960. Kwa hiyo ni kampuni inayojua chuma lakini kwenye magari ya abiria bado mgeni kabisa.

Sasa mwanzoni mwa miaka ya 60 serikali ya Japan, kupitia wizara ya biashara na viwanda, ilikuwa inataka watengeneza magari wapungue, wadogo waungane na wakubwa ili wakiruhusu magari ya nje yaingie nchi iwe na kampuni chache zenye nguvu. Rais wa Toyo Kogyo, Tsuneji Matsuda, aliona kama hana kitu ambacho wengine hawana basi atamezwa. Hii presha ni muhimu kuielewa, maana bila hiyo mtu mwenye akili timamu angeiacha hii injini mwaka wa pili tu.

Kitu alichokipata kilikuwa Ujerumani. Kampuni ya NSU pale Neckarsulm ilikuwa inafanya kazi na Felix Wankel, na injini ya kwanza ya aina hiyo ilizunguka 1957. Matsuda akaenda 1960, wakakubaliana, na serikali ya Japan ikapitisha mkataba 1961. Bei ilikuwa yen milioni 280, na juu ya hapo maboresho watakayogundua Wajapan NSU nao wana haki nayo. Mkataba mgumu. Lakini alichonunua Matsuda kilikuwa wazo zuri ambalo halijaiva, na hilo nadhani hakulijua vizuri siku anatia saini.

Injini yenyewe inafanyaje

Hapa twende taratibu maana bila hii sehemu mengine hayataeleweka.

Injini ya kawaida ina pistoni inapanda na kushuka kwenye silinda. Hii haina pistoni. Ina rota, kipande cha chuma chenye pembe tatu zilizovimba pembeni, kinazunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kidogo kiunoni. Rota inavyozunguka, kati yake na ukuta wa chumba zinapatikana nafasi tatu zinazopanuka na kusinyaa, moja inavuta hewa na petroli, nyingine inagandamiza na kulipua, nyingine inatoa moshi, yote kwa pamoja. Hamna valvu, hamna kamshafti, hamna kitu cha kupanda na kushuka, kwa hiyo ni nyepesi, ndogo, na inapenda kuzunguka kwa kasi. Kwa mtu anayetaka kutengeneza gari la spoti lililokaa chini barabarani hiyo ni zawadi.

Shida iko kwenye zile ncha tatu. Kila ncha lazima izibe ili gesi ya nafasi moja isivujie nyingine, na kinachoziba ni kipande chembamba kimechomekwa kwenye mfereji hapo nchani, nyuma yake kuna springi, wanaita sili ya ncha. Ringi ya pistoni inakaa sawa siku zote ikipanda na kushuka kwenye ukuta ulionyooka. Sili ya ncha haina raha hiyo, inakwaruza ukuta uliopinda, kila sehemu inaugusa kwa pembe tofauti, mara imelalia mbele mara imelalia nyuma, joto kali upande mmoja na ubaridi upande mwingine, na kasi yake inabadilika njia nzima.

Mambo yalivyoenda

Timu ya Hiroshima ilienda Ujerumani 1961 kujifunza, na huko ndo wakaelezwa kumbe wenyeji nao wana tatizo hawajalitatua. Novemba mwaka huohuo injini yao wenyewe ya majaribio ikawa tayari. Wakaiwasha.

Matatizo yalikuja matatu kwa mpigo. La kwanza, ikiwa sailensa, yaani imewashwa imesimama, ilitetemeka vibaya sana. La pili, ilitoa moshi mweupe mzito na kunywa oili kupita kiasi. La tatu ndo baba lao: baada ya kama saa 200 za kuzunguka kwenye benchi nguvu ilishuka ghafla, wakafungua, wakakuta ukuta wa ndani, ule uliopakwa krome ngumu kabisa, umejaa mikwaruzo ya mawimbi, mistari iliyopangana kama kitu kimeparuliwa. Wakaipa jina, kucha za shetani. Saa 200 siyo kitu, ukienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa hizo ni kilomita 10,000 tu, hakuna mteja atakayekubali kununua injini inayokufa hapo.

Aprili 1963 kampuni ikaunda idara maalum ya utafiti wa injini ya rota, mkuu wake Kenichi Yamamoto, mtu aliyezaliwa 1922, msomi wa chuo kikuu cha kifalme cha Tokyo lakini kampuni alianzia 1946 kwenye kufunga giaboksi. Alipewa wahandisi 47. Hiyo namba kwa Mjapan ina uzito wake, kuna kisa maarufu cha samurai 47 waliokaa kimya muda mrefu wakingoja kulipa kisasi cha bwana wao, na hawa vijana wakaitwa hivohivo. Wakagawana, wengine usanifu, wengine majaribio, wengine malighafi.

Watu wa malighafi walianza kama ambavyo karibu kila mtu angeanza, wakatafuta sili ngumu zaidi au laini zaidi. Wakajaribu vyuma vya kila aina, inasimuliwa walifika mpaka kujaribu mifupa ya ng'ombe na farasi. Ukuta ukaendelea kuparuliwa.

Alafu mtu akabadilisha swali. Badala ya kuuliza sili iwe ya kitu gani, wakauliza kwa nini mikwaruzo imejipanga kwa nafasi zinazofanana. Kitu kikichakaa kwa msuguano wa kawaida kinalika pole pole sehemu yote, hakiachi mistari. Mistari maana yake sili haitelezi, inarukaruka, inagonga, inaachia, inagonga tena. Kila kipande cha chuma kina kasi yake ya asili ya kutetemeka, na kama msuguano unakisukuma kwa kasi hiyohiyo mtetemo unakua, sawa na bembea ya mtoto, ukisukuma kila inaporudi hata kidole kimoja kinaipeleka juu. Kumbe ugomvi wote ulikuwa wa mtetemo, ugumu wa chuma ulikuwa jambo la pembeni.

Ukishajua hivo dawa inabadilika kabisa. Wakachukua sili ya chuma cha kusubu, wakatoboa matundu karibu na ncha, moja la kulala na mengine ya kusimama yakikutana nalo, ili ile kasi ya asili ihame. Wakafunga, injini ikaenda saa 300 bila kucha hata moja.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi ambao mi naona ni mkubwa kuliko yote ni kwamba hawakuifunga hiyo sili ya matundu kwenye gari la kuuza. Fikiria umehangaika miaka miwili, umepata kitu kinachofanya kazi, presha ya rais wa kampuni iko shingoni, alafu unasema hapana. Sababu ilikuwa ya kiwandani, kutoboa matundu madogo hivyo kwenye kipande chembamba kwa usahihi uleule, maelfu kwa maelfu, haiwezekani kwa bei ya maana. Ile sili kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba chanzo ni mtetemo, ikaishia hapo. Baada ya hapo wakashirikiana na Nippon Carbon kutengeneza sili ya kaboni iliyopenyezwa alumini. Hii ni nyepesi, inateleza yenyewe, haiparui krome, na kama kuna kitu kitalika basi italika sili ambayo ni rahisi kubadilisha kuliko ukuta mzima. Majaribio yalifika saa 1,000 na kilomita 100,000, wakafungua wakakuta ukuta uko salama.

Kwenye kutetemeka walijaribu rota moja, mbili, tatu, hadi nne, wakachagua mbili. Rota moja nguvu yake inakuja kwa mapigo na ikiwa inaachiwa bila mafuta gari linadunda, rota mbili zinapishana na ulaini wake unafanana na injini ya silinda sita iliyopangwa mstari mmoja. Pia wakahamisha tundu la kuingizia hewa. NSU walikuwa wameliweka kwenye ukuta wa mzunguko, hapo hewa inaingia kwa wingi ikiwa kasi kubwa, lakini kasi ndogo moshi wa kutoka na mchanganyiko unaoingia vinakutana, injini inakosa moto na kutetemeka. Timu ya Yamamoto ikaliweka ubavuni, wakapoteza nguvu kidogo ya juu wakapata injini inayotulia ukiwa kwenye foleni. Na kila rota ikapewa plagi mbili kwa sababu chumba cha kuunguzia ni kirefu na chembamba, moto wa plagi moja hauwahi kufika mwisho.

Moshi mweupe ulitatuliwa kwa kutengeneza upya sili za oili za ubavuni mwa rota pamoja na kampuni zilizobobea kwenye ringi na sili. Hapa sikai sana, ilikuwa kazi ya uvumilivu tu.

Uamuzi mwingine ni wa kusubiri. Gari lenyewe, Cosmo Sport, lilioneshwa Tokyo 1964 na watu wakalipenda, lina sura kama chombo cha anga. Hapo kampuni nyingi zingeanza kuchukua hela za wateja. Wao wakatengeneza makumi ya magari ya majaribio, wakayagawa kwa mawakala wao nchi nzima wayaendeshe kwenye baridi, joto, milima, miji, na wakasubiri ripoti. Mauzo yakaanza tarehe 30 Mei 1967.

Matokeo

Injini iliyotoka, 10A, ilikuwa na rota mbili za sentimita za ujazo 491 kila moja, jumla 982, yaani haifiki hata lita moja, na ilitoa nguvu farasi 110 kwa mizunguko 7,000. Gari lilikuwa na uzito wa kilo 940 na kufika kilomita 185 kwa saa. Bei yen milioni 1.48. Julai 1968 likaja toleo la pili la nguvu farasi 128. Yote kwa pamoja yalitoka magari 1,176, yakifungwa kwa mkono, kwa hiyo hela haikuwa hapo.

Agosti 1968 wakapeleka magari mawili Nürburgring Ujerumani kwenye Marathon de la Route, mbio za saa 84 mfululizo. Moja likatoka saa ya 82 kwa kuharibika upande wa ekseli ya nyuma, injini haikuhusika, la pili likamaliza nafasi ya nne kwa jumla. Kwa injini ambayo miaka michache nyuma ilikuwa inakufa saa 200 kwenye benchi, ndani ya nchi ilikozaliwa, hicho kilikuwa cheti cha kutosha.

Ukitaka kipimo cha thamani ya kusubiri angalia NSU wenyewe. Walitangulia, gari lao dogo la Spider lenye rota moja lilitoka 1964, na 1967 wakatoa Ro 80, sedani ya kifahari iliyochaguliwa gari la mwaka la Ulaya kwa 1968. Gari zuri mno, muundo wake watu wanausifia mpaka leo. Ila sili za ncha zikaanza kufa mikononi mwa wateja, NSU ikabadilisha injini moja baada ya nyingine kwa waranti, na gharama ikaiumiza kampuni ambayo tayari haikuwa na nguvu. 1969 Volkswagen ikaichukua na kuiunganisha na Auto Union, kampuni yake nyingine ya magari.

Kilichofanya kazi

Cha kwanza nimeshakisema lakini nakirudia kwa fundi na mhandisi yeyote anayesoma: soma alama. Kipande kilichokufa kinaeleza kilivyokufa. Watu wa malighafi walikuwa hodari na walifanya kazi usiku na mchana, lakini kwa muda wote ule mistari ilikuwa pale pale ukutani ikiwaambia huu ni mtetemo. Ndo maana sikubaliani na wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa jasho tu, eti vijana 47 hawakukata tamaa. Jasho lilikuwepo, ila jasho peke yake lingewapeleka kwenye mfupa wa mnyama mwingine.

Cha pili ni kutenganisha jaribio la kuthibitisha chanzo na suluhisho la kuuza. Sili ya matundu ilijibu swali, sili ya kaboni ikaingia kiwandani, na kuchanganya hivi viwili ndo kosa linaloua miradi mingi, mtu akiona kitu kimefanya kazi mara moja mezani anakimbilia sokoni nacho.

Cha tatu, kuanzia kwenye gari la spoti la idadi ndogo. Mnunuzi wa gari la aina hiyo anavumilia, anajua anachonunua, na ukitokea ubovu unashughulika na magari mia kadhaa. NSU wao kwenye Ro 80 waliipeleka injini kwa familia na wafanyabiashara waliotaka kuwasha asubuhi na kwenda kazini, injini baridi, safari fupi, ndo mazingira mabaya kuliko yote kwa sili.

Kilichofeli

Hapa ndo kwenye uzito na ndo pasiposemwa sana. Timu ilipewa adui mmoja, kucha za shetani, ikamshinda, kampuni nzima ikaona injini imekamilika. Baada ya Cosmo rota ikaingizwa kwenye magari yao ya kawaida, Familia 1968, alafu Luce, alafu Capella, na magari mengi yakapelekwa Marekani. Lakini kile chumba kirefu chembamba kinachohama kilikuwa bado kilekile. Moto haufiki pembeni, petroli isiyoungua inatoka na moshi, ukuta mpana unanyonya joto. Plagi mbili zilipunguza ugonjwa, hazikuuponya. Matumizi ya mafuta yalikuwa mabaya tangu mwanzo, ila petroli ilikuwa rahisi kwa hiyo hakuna aliyeunda idara ya watu 47 kwa ajili ya hilo.

Ikaja Oktoba 1973, bei ya mafuta ikapaa dunia nzima, na vipimo vya serikali ya Marekani vikaonesha Mazda za rota zinatembea kama maili 10 tu kwa galoni mjini, hiyo ni kilomita nne na kidogo kwa lita, kwa gari dogo. Mauzo yakaporomoka, kampuni ikakaribia kufilisika, benki ya Sumitomo ikaingia kuiokoa. Baadaye ndo wakaanzisha mradi waliouita Finiksi, lengo kupunguza matumizi kwa asilimia 40, na matunda yake yakasaidia RX-7 ya 1978. Kazi ambayo ingeweza kuanza 1967 kwa utulivu ilifanywa chini ya bunduki.

Jambo la pili ni oili. Ili sili ya ncha iishi lazima ipate ulainisho, na injini hii ina pampu ndogo inayoingiza oili kidogo kidogo makusudi iungue pamoja na petroli. Huo siyo ubovu, ni muundo, umeanza na hawa hawa na umeendelea mpaka RX-8. Mtu aliyezoea Corolla ambaye anaangalia oili siku ya sevisi tu anaiua rota bila kujua, alafu fundi akiifungua anakuta sili zimekwisha anasema injini mbovu. Maarifa yaliyopatikana kwa shida vile kwenye benchi za Hiroshima hayakumfikia mnunuzi wa mkono wa tatu, na kama unaifikiria RX-8 ya kutoka Japan basi anza kwa kupima mgandamizo wa kila rota, tena injini ikiwa ya moto, kabla hujatoa hela.

Na kiwanda chenyewe kimeendelea kukubali kwamba chumba kile hakibadiliki. 2023 Mazda imeirudisha rota kwenye MX-30 ya umeme, rota moja ya sentimita za ujazo 830, sili ya ncha imenenepeshwa kutoka milimita 2 hadi 2.5, na haisukumi magurudumu hata kidogo, kazi yake ni kuzungusha jenereta ya kuchaji betri, kwa hiyo haina haja ya kupandishwa na kushushwa kasi kila mara kama injini ya gari la kawaida.